Taulo za Bwana Hamano

Jumapili ile, katika sebule ya Bwana Hamano kule Westerville, pembeni mwa Columbus, tulikuwepo Mama Debora, Tantine Odeta, Deo Mrundi, mdogo wangu wa kiume Bonfils, mdogo wangu wa kike Jolie, mimi Riziki, na Bwana Hamano mwenyewe, ambaye hakuwa amemwalika hata mmoja wetu. Nawataja kwa sababu mwezi uliopita, huku Buffalo, tulikutana tena wote isipokuwa yeye. Safari hii Mama Debora, aliyetuongoza siku ile na ambaye baadaye alihamia huku kwa binti yake, alikuwa ndiye tunayemlilia. Bonfils alikuja kutoka Louisville, anakofanya kazi ghalani. Jolie alitoka Columbus, anakosoma na kupanga chumba karibu na chuo kikuu. Deo na Tantine Odeta walikuja na gari moja, wakibishana njia nzima, kama nilivyosikia baadaye kutoka kwa kila mmoja kwa upande wake. Tulipofungua sanduku la Mama Debora kumtafutia nguo za kuzikwa nazo, tulikuta chini kabisa boksi limefungwa kwa karatasi ya kijivu, halijafunguliwa tangu alipopewa. Nililijua kabla sijaligusa. Nami nilikuwa na la kwangu, la namna ileile, lakini la kwangu nililirudisha mbele za watu, na sijawahi kujuta.

Mwaka wa Jumapili ile tulikuwa tunaishi Columbus. Shule nilikuwa nimeiacha mapema kwa sababu mtu alitakiwa kuwapikia wengine, na zaidi ya hapo sina haja ya kueleza. Tulipofika Amerika tulipokelewa Louisville na Tantine Odeta, binamu wa marehemu baba, mama mwenye roho nzuri na mdomo mkali, katika nyumba iliyokuwa tayari imejaa. Yeye aliona jambo kwa namna moja tu: Jolie abaki kwake, Bonfils aende kwa shemeji wa Tantine katika jimbo jingine, na mimi nitafute maisha. Nilimwomba mwaka mmoja. Alikubali kwa sharti kwamba mwaka ukiisha niwe na kazi ya kudumu yenye bima ya afya kwa watoto, la sivyo atakuja kuwachukua. Ndiyo maana nilikwenda Columbus, ambako Deo, tuliyekaa naye kambi moja, alisema kuna kiwanda cha Wajapani kinachukua watu wasio na vyeti. Kilishona vifuniko vya viti vya magari. Mwaka wa kwanza hukuwa mfanyakazi. Ulikuwa mwanafunzi, na neno hilo walilimaanisha. Mwisho wa mwaka msimamizi wako alisema kama umefaulu. Msimamizi wangu alikuwa Bwana Hamano.

Watu wengi kanisani husema Wajapani wana adabu. Mimi niliishi ndani ya adabu hiyo na ninajua ubaridi wake. Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, tulisimama kwa mistari na kufanya mazoezi ya viungo kwa muziki wa kinanda uliotoka kwenye redio, watu wazima, akina mama wenye wajukuu, tukizungusha mikono kama watoto wa chekechea. Kisha tulifundishwa kunyooshea kidole kila kitu tulichokagua na kukitaja kwa sauti: uzi, sawa, sindano, sawa, mguu wa cherehani, sawa. Kwetu milimani Kivu, mtu anayeongea na vitu peke yake huombewa. Kengele ya kutoka ilipolia, hakuna aliyetoka. Wajapani wa ofisini waliendelea kuinamia meza zao kwa sababu mkubwa wao alikuwa bado ameinamia yake, na mkubwa alikuwa ameinama kwa sababu wao hawajainuka. Nasi wanafunzi tulibaki tukifagia sakafu iliyokwisha kufagiliwa. Nilikuwa nikimfikiria Jolie amesimama kwenye dirisha la nyumba ya Mama Debora, jirani yetu aliyewapokea watoto wakitoka shule, na nilikuwa nikifagia kwa hasira.

Jumamosi moja moja kampuni ilituletea mwalimu, dada mmoja wa Kijapani aliyesoma chuo kikuu cha mjini, atufundishe desturi. Alitufundisha kuinama: kidogo kwa mwenzako, zaidi kwa mkubwa, chini kabisa kwa kuomba radhi. Alitueleza kwamba huko kwao mtu ana siku zake za mapumziko lakini hazitumii zote, asije akawaachia wenzake mzigo. Deo alimwuliza, kwa heshima zote, siku ambazo hazikutumika huwa zinazikwa wapi. Dada yule aliandika swali hilo ubaoni na hakulijibu.

Lakini kilichonichukiza kupita yote ni mkutano wa Ijumaa. Tulisimama kwa duara, na kila mmoja kwa zamu alitakiwa kutaja kosa lake la wiki, hata kama hakukosa. Aliyesema hana kosa alitazamwa kama mtu aliyevua nguo. Kwetu kosa lina watu wake: unamkosea mtu, wazee wanakaa, unalipa, mnakunywa maziwa, limekwisha. Hapa kosa halikuwa na mtu wala mwisho. Deo aliyatunga. Wiki moja alisema ametembea kwa haraka mno kwenda chooni, wiki nyingine kwamba amerudi kwa ulegevu, na Bwana Hamano aliitikia kwa kichwa kwa uzito kila mara na kumshukuru. Mimi nilisema mishono yangu ingeweza kunyooka zaidi. Nilisema hivyo kila Ijumaa, bila kubadilisha neno.

Bwana Hamano alikuwa mwembamba, kofia yake safi kuliko sahani zetu. Chakula cha mchana alikula peke yake kwenye benchi la ukutani, wali wa baridi katika kiboksi, kisha akafumba macho akiwa ameketi wima mpaka kengele ilie. Sisi tulipasha moto sombe, majani yetu ya muhogo, na bugali, na harufu ilipomfikia alihamisha benchi. Hakuwahi kunitukana. Hakuwahi pia kuniuliza nina nani nyumbani.

Majira ya majani kuanguka, mwaka ukiwa umekaribia kwisha, Deo alikuja mezani kwetu na kuketi bila kufungua chakula chake. Alikuwa amepeleka mzigo ofisini, akamkuta Mjapani mmoja akimkabidhi Bwana Hamano bahasha yenye utepe mweusi na mweupe, wote wawili wameinama. Alimwuliza karani, naye akamwambia kwa mnong'ono kwamba mama yake Bwana Hamano amefariki kwao. Tuligeuka kumtazama. Alikuwa kwenye benchi lake, anakula wali. Asubuhi ile alikuwa amezungusha mikono pamoja nasi.

Nilimweleza Mama Debora jioni, nikiwa bado na chuki ya jambo lile, mtu kufiwa na mama na kuja kukagua sindano. Yeye aliacha kuchambua maharage. Alitaka kujua nani amekwenda kukaa naye. Nikamwambia hakuna, kwao hawakai. "Kila mahali wanaikala," akasema. "Ni vile tu hana watu hapa." Nilijaribu kumweleza kwamba mtu yule hakumwambia hata mmoja wetu. Akajibu kwamba mfiwa hatangazi, mfiwa hufuatwa, na kama mimi ninakula mkate kutoka mkononi mwa mtu yule basi Jumapili baada ya ibada tutakwenda. Tantine Odeta alikuwa amekuja wiki ile kutoka Louisville kukagua tunavyoishi, na kwa kuwa hakuna msiba aliowahi kuukosa, naye alijifunga kitenge.

Bwana Hamano alifungua mlango akiwa amevaa soksi. Alimtazama Deo, akanitazama mimi, akatazama sufuria kubwa ya wali na nyama mikononi mwa Bonfils, na dumu la maziwa aliyoyagandisha Mama Debora mwenyewe. Nilidhani atafunga mlango. Deo alimweleza kwa Kiingereza kwamba tumekuja kwa ajili ya mama yake. Bwana Hamano aliuliza tunataka nini. Deo akatafsiri, na Mama Debora, ambaye tayari alikuwa ameingiza mguu mmoja, akasema, "Umwambie hatutaki kitu. Tunakuja kuikala."

Kulikuwa na tatizo la viatu. Alituonyesha kwa mikono kwamba tuvue, na miguu ya Mama Debora ilikuwa imevimba. Bonfils alipiga magoti kumvua. Tantine Odeta alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba msikitini wanavua, kanisani hawavui, na yeye hakuona mahali hapa ni wapi. Akavua hata hivyo, akatukumbusha kuwa soksi yake ina tundu na tusiangalie. Ndani hapakuwa na viti vya kututosha. Palikuwa na meza fupi, televisheni, na kwenye rafu picha ya mwanamke mzee, mbele yake glasi ya maji na kibakuli cha wali.

"Analisha mufu," Tantine Odeta akasema.

"Nyamaza, Odeta," Mama Debora akasema. "Wewe unawekaga maua mu kaburi. Nani anayakula?"

Tuliketi sakafuni, migongo ukutani. Bwana Hamano alibaki amesimama kwa muda mrefu kama mtu aliyefika nyumba isiyo yake. Alikwenda jikoni akarudi na chai, akaipanga, akasimama tena. Jolie aliniuliza sikioni, kwa Kiingereza, tunaondoka lini, na nikamfinya. Hatimaye Bwana Hamano alikunja magoti na kukaa juu ya visigino vyake, mbali nasi, akitazama zulia. Mama Debora alimwagiza Deo aulize mama aliitwa nani. Alisema aliitwa Fumi. Mama Debora akaomba, sala ndefu ya kwetu, akimtaja Fumi kama mtu aliyechota naye maji, na katikati ya sala akalia machozi ya kweli, na Tantine Odeta, pamoja na mdomo wake, akalia naye. Bwana Hamano hakulia. Mikono yake ilikuwa juu ya mapaja, imenyooka. Jua lilipopungua tukainuka, tukamwachia sufuria na dumu. Mlangoni aliinama chini kabisa, kule kuinama kwa kuomba radhi, na sikuelewa anaomba radhi ya nini.

Siku chache baadaye, kabla ya mazoezi, alinijia na sufuria yetu imesuguliwa mpaka inang'aa, ndani yake boksi la karatasi ya kijivu. La Deo alikuwa amempa tayari, na la Mama Debora aliniomba nimpelekee. Ndani ya boksi mlikuwa na taulo nyeupe. Nilimwuliza karani maana yake, naye akanieleza kwa furaha, kama mtu anayetaja jambo zuri: kwao ukiletewa kitu katika msiba, unarudisha kitu chenye thamani kama nusu yake, upesi, ili usibaki na deni kwa mtu.

Nitaeleza kwa nini damu ilinipanda, kwa maana hata watoto niliowazaa baadaye hawaelewi. Kwetu mtu akikupa ng'ombe, hurudishi kesho. Unangoja azae, unangoja ndama akue, miaka inapita, na siku moja unampeleka ndama kwa mwenye ng'ombe, naye miaka mingine ikipita atakurudishia wa kwake. Katikati ya hapo ninyi ni ndugu, watoto wenu wanaitana ndugu, na hakuna anayetaka deni liishe kwa sababu likiisha na udugu umekwisha. Kumrudishia mtu upesi ni kumwambia usije tena kwangu. Na kitu cha msiba hakirudishwi kabisa, isipokuwa siku wewe nawe umefiwa. Yule mtu alikaa akayatazama machozi ya mwanamke mzee, kisha akayapigia hesabu na kuyagawa kwa mbili.

Mama Debora alipokea boksi lake. Nilimwambia anatukanwa. Akaliweka chini ya kitanda. "Muntu akikupa kitambaa, unaweka," akasema. "Siku yake itafika." Nilimwona mjinga siku hiyo, Mungu ampumzishe.

Kesho yake, muziki wa kinanda ulipoisha na watu wote wakiwa bado kwenye mistari, meneja wa kiwanda akipita na wageni wake, nilitoka nikaenda mbele na kuliweka boksi langu sakafuni, miguuni pa Bwana Hamano. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza, lakini nilikuwa nimekipanga usiku kucha. Nilimwambia, "Hatukukuuzia kitu. Siku nitakapofiwa mimi, ndiyo siku ya kurudisha. Uje." Uso wa Bwana Hamano ulibadilika rangi kuanzia shingoni. Akaokota boksi kwa mikono miwili, akaliweka pembeni, akasema tuanze kazi.

Ofisini waliniambia kwamba nimemwaibisha msimamizi mbele ya wageni, na kwamba mwanafunzi asiyeona kosa lake hawezi kupewa kazi ya kudumu. Nitasikilizwa Ijumaa, katika duara. Maana yake niliijua: niinamie duara lao na nitaje kosa langu, wanisamehe. Tantine Odeta alikuwa bado kwetu. Hakunigombeza, hilo lingekuwa afadhali. Alianza kukunja nguo za Jolie na kuzipanga kitandani. Jolie alizichukua moja moja na kuzirudisha kabatini, na Tantine akazitoa tena. Bonfils aliniuliza kwa nini nisiinamie tu watu hawa, mgongo hauvunjiki. Nilimwambia nitainama nikiwa nimekosa.

Ijumaa meneja mwenyewe alikuja. Duara lilizunguka. Deo, ambaye hakuwa na mzaha siku hiyo, alisema alinielekeza vibaya kuhusu desturi, jambo la uongo, na nilimchukia kwa wema huo. Zamu yangu ikafika. Niliwaona wadogo zangu waziwazi, mmoja ndani ya gari la Tantine, mwingine ndani ya basi. Nikasema, "Sina."

Walinitazama. Kisha Bwana Hamano akatoka katika nafasi yake, akavua kofia, akanigeukia. Si meneja aliyegeukiwa, ni mimi. Akasema, "Kosa ni langu. Wageni walikuja katika msiba wangu, nami sikujua kuwapokea. Huyu hana kosa." Akainama, chini kabisa, akabaki chini kwa muda ambao sijawahi kumwona mtu akibaki. Nywele zake utosini zilikuwa zimepungua. Nilitaka ainuke. Nilitaka kumshika kola nimwinue, kwa maana sikumwomba kitu kile. Meneja aliitikia kwa kichwa. Kwa sheria zao mkubwa akishachukua kosa, hakuna tena wa kulibeba, na duara likaendelea kwa mtu aliyefuata kana kwamba hakuna kilichotokea. Beji yangu ya kudumu ilikuja mwisho wa mwaka pamoja na za wengine. Tantine Odeta alirudi Louisville peke yake, gari likiwa na nafasi tupu.

Watu niliowasimulia hunitazamia nimalize kwa kusema kwamba tulikuwa marafiki. Hatukuwa. Hakunisemesha zaidi ya kazi, wala mimi sikumsemesha. Niliendelea kuyachukia mazoezi, duara, na kufagia palipokwisha kufagiliwa, na niliondoka kiwandani hapo siku ya kwanza nilipopata kazi ya kutunza wazee huku Buffalo. Yeye alikuwa ametangulia kuondoka. Aliitwa kwao, na siku ya mwisho tulipofika tulikuta amepanga pakiti ndogo ya peremende juu ya kila cherehani, iliyofungwa vizuri. Kwenye ya kwangu hapakuwa na kitu. Deo alisema amenidharau. Mimi nilikagua mashine yangu bila kunyoosha kidole, nikakaa. Mpaka leo sina hakika, lakini nadhani alikuwa mtu pekee katika kiwanda kile aliyesikia nilichosema.

Kwa hiyo mwezi uliopita, katika chumba cha maiti, sisi wanawake tulipokwenda kumvisha Mama Debora, Tantine Odeta alifungua karatasi ya kijivu. Binti wa Mama Debora alisema mama yake aliagiza hivyo, taulo zile ni za siku hiyo, asiguse mtu. Zilikuwa bado nyeupe, na mikunjo yake migumu. Tulimfuta uso kwa moja na nyingine tukaikunja chini ya kichwa chake. Yeye alilipwa, na alilipwa siku inayostahili, kwa desturi zote mbili kwa pamoja, na hakumgombeza mtu.

Baada ya mazishi tulirudi kwangu, karibu na Grant Street, kula. Tantine Odeta aliuliza, mdomo umejaa, "Bon, na ule Mujapani wako? Nani atamuambia?"

"Si wangu," nikasema, na wakacheka wote, Deo kupita wote, kwa sababu Deo ndiye aliyekuwa na namba yake miaka yote hii na hakuwahi kunitajia. Jolie alichukua simu. Aliniuliza aandike nini. Nilimwambia aandike kwamba Mama Debora aliyemlilia mama yake amefariki, na kwamba Riziki amefiwa.

"Na asante, Yaya?" akaniuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu.

"Asante usiweke."

Alinitazama, akautuma ujumbe hivyo. Deni lake, kama anakumbuka nilichomwambia, sasa liko mbele yake, aje asije. Lakini nilipoinua macho, Jolie alikuwa ameegemea friji, Bonfils akimnyang'anya kijiko cha mwisho cha sombe moja kwa moja kutoka katika sahani yake, wote wawili jikoni kwangu, wakubwa, wakigombana kwa Kiingereza. Hicho ndicho nilichopewa siku ile na mtu aliyeinama bila kuombwa. Nimekaa nacho miaka yote hii. Simpendi mtu yule, na sijamlipa.